Kadhi hakati mtu mkono

Kuna imani ya siku nyingi, utaisikia hata kwa watu wasomi kabisa, kwamba ukipelekwa kwa kadhi kwa wizi unaweza kukatwa mkono, na kwamba hata asiye Mwislamu anaweza kuburutwa huko. Hofu hiyo naielewa, neno sharia wengi wetu tumelisikia kwenye habari za adhabu tu.

Sasa kwa Kenya jibu limeandikwa kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 170, kifungu kidogo cha 5, kadhi anasikiliza mambo ya hadhi ya mtu kisheria, ndoa, talaka na mirathi, na ni pale tu pande zote ni Waislamu na zimekubali kesi iende kwake. Basi. Wizi unaenda mahakama za kawaida kama wizi mwingine wowote, Zanzibar pia hivyohivyo.

Na hiyo adhabu yenyewe ipo kweli kwenye Qurani, Al-Maida aya ya 38, hatufichi, lakini mafakihi, yaani wataalamu wa sheria ya Kiislamu, waliiwekea masharti mazito, mfano kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi pwani yetu, mali iwe imefika robo dinari ya dhahabu, yaani kama gramu moja, iwe imeibwa mahali palipohifadhiwa, na shaka ikiingia tu adhabu inaanguka.

Katiba ipo bure mtandaoni, hata ya Kiswahili, fungua ibara hiyo usome mwenyewe, au siku moja pita mahakamani uangalie orodha ya kesi za kadhi, utakuta matunzo ya watoto na mashamba ya marehemu.