Ribiti ya boti ikivuja, shida ni kulegea

"Paka silikoni tu, maji yatakata." Ushauri huu umeharibu boti nyingi za alumini. Ribiti, yaani pini inayoshikanisha mabati ya boti, huvuja kwa sababu imelegea. Boti inapopigwa na mawimbi, au inaporukaruka kwenye trela, mabati mawili husuguana, tundu likapanuka kidogo kidogo na maji yakapata njia. Silikoni uliyopaka juu haizuii msuguano huo, na msuguano huo huo ndio utakaoibandua. Tena ikibanduka huacha utando usioonekana, kiasi kwamba hata gundi nzuri au rangi utakayopaka baadaye haishiki. Nawasihi, msianze na silikoni.

Ribiti iliyolegea lakini bado nzima hukazwa. Kazi hii inataka watu wawili: mmoja nje, akishindilia kipande kizito cha chuma kwenye kichwa cha ribiti, mwenzake ndani, akigonga mkia wake, yaani ncha ya upande wa ndani, kwa nyundo. Mapigo machache yanatosha. Wanaodhani kugonga zaidi ndiko kukaza zaidi wanakosea, kwani alumini ikigongwa mno huwa ngumu na kupasuka, na bati likibonyea ribiti za jirani nazo hulegea.

Mkia ukiwa umepasuka, au tundu limeacha kuwa duara, itoe ribiti kwa drili na uweke nyingine nene kidogo, ya alumini, iliyopakwa gundi ya poliyurithani ya boti. Kabla ya kugongwa, mkia uchomoze kiasi cha mara 1.5 ya kipenyo cha ribiti.

Pasipofikika kwa nyundo, watu hutumia ribiti za kuvuta, zinazofungwa kutoka upande mmoja kwa kifaa kiitwacho bunduki ya ribiti, wakiamini zote ni sawa. Sivyo. Zile za kawaida zina uwazi katikati, na maji hupenya humo humo. Tafuta zilizozibwa ncha.

Skrubu ya chuma kisichoshika kutu nayo husifiwa kuwa ya kudumu. Ni kweli itadumu, ila bati ndilo litakaloliwa: metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na alumini ndiyo inayolika. Shaba ni mbaya zaidi, hata ile iliyomo katika rangi za kuzuia viumbe wa baharini.

La mwisho: maji yakituama tezi, yaani nyuma ya boti, haina maana kwamba tundu liko tezi. Maji hufuata mteremko. Ipandishe boti nchi kavu, itegemeze vizuri chini, tia maji ndani sentimita chache tu, kisha pita nje ukiweka alama kila panapodondoka. Usiijaze, lita 200 ni kilo 200 juu ya mabati yaliyozoea kubebwa na maji. Ukishakaza, tia maji tena na ukague kila alama, pamoja na ribiti za jirani zilizotikiswa na nyundo.