Laptopu haiwaki? Hiyo Windows iwache kwanza

Leo tena nimetumiwa ujumbe, "Fundi, laptopu yangu haiwaki, kupiga Windows ni shingapi?" Yaani kuiweka upya. Yakhe. Haiwaki vipi? Ukifinya pawa kuna taa? Feni yazunguka? Nembo ya kampuni yatokea? Maana Windows yakaa kwenye diski, na diski husomwa mwisho kabisa, baada ya mazabodi (ubao mkuu wa ndani) kupata umeme, BIOS (programu ndogo ya kuiamsha laptopu) kuamka, RAM (kumbukumbu ya muda) kukaguliwa na skrini kupewa picha. Mimi naweza kuichomoa diski yote nikaiweka pale mezani na laptopu bado itawaka, itatoa nembo, halafu ndiyo ilalamike haioni diski. Kwa hivyo yako kama haionyeshi hata nembo, Windows haina kesi ya kujibu. Jiko halina gesi, wewe wanunua sufuria mpya.

Na si wateja wanaoniudhi, mteja ana haki ya kutojua. Ni hawa mafundi wenzangu wanaoitikia tu "sawa, leta". Mtu yuaja na laptopu nyeusi tii, jioni arudishiwa inawaka, lakini picha za harusi na projekti ya chuo ya mtoto zote zimekwenda. Kilichoiponya ni RAM kuchomolewa na kurudishwa, kule kufomati, yaani kufuta diski yote, kulikuwa kwa kuhalalisha bei.

Chaja nitapita mbio: ipime na mita, nyingi za zamani zatoa volti 19 au 19.5, na za Dell zina pini ndogo katikati, waya wake ukikatika laptopu yawaka vizuri lakini yakataa kuchaji betri, usilaumu betri bure. Halafu toa chaja, toa betri, shikilia pawa kama nusu dakika, rudisha chaja peke yake ujaribu. Vitabu vyasema ni umeme uliobaki kwenye kepasita ndio umemwagika. Huenda. Kuna zinazoamka hivyo na kuna pacha wake wa modeli ileile haziamki, mimi nafanya kwa sababu ni bure. Ikiwaka taa na feni bila picha, mulika tochi ya simu kwenye skrini kwa upande, ukiona picha hafifu basi ni taa ya skrini, la sivyo chomeka skrini ya nje uone.

Sasa RAM, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sisi twaishi pwani. Hewa ya huku ina chumvi na unyevu, na laptopu iliyokaa miaka Mji wa Kale au Nyali dirisha wazi upepo wa bahari waingia, yale meno ya RAM hufanya utando ambao hata huuoni kwa macho. Chomoa zote, sugua meno polepole na raba nyeupe ya shule, futa na spiriti, wacha ikauke, rudisha MOJA tu, jaribu kila tundu, kisha hiyo nyengine. Kuna wanaosema raba yala ile dhahabu ya juu, na kwa kweli ukisugua kama wasugua sufuria wana haki. Na niseme ukweli, laptopu ikiwaka baada ya hapo sijui kama ni raba iliyosaidia au ni kule kuchomoa na kurudisha tu, mara nyengine kuchomoa peke yake kwatosha na usafi haukufanywa. Jambo jengine ambalo watu hawaliulizi dukani: laptopu nyingi za kuanzia 2013 hivi zataka RAM aina ya DDR3L ya volti 1.35, ukitia DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 yaingia vizuri kabisa kwenye tundu na skrini yabaki nyeusi, na watu waapa mazabodi imekufa. HP za zamani taa ya Caps Lock ikipepesa mara tatu aghalabu yalia RAM, lakini tafuta maana ya modeli yako, usiniamini mimi kwa zote.

Kuna na ile inayotoa nembo halafu yakwama, au skrini ya bluu yenye 0x0000007B, yaani Windows haiifikii diski yake. Hapa ndipo watu hukimbilia kufomati zaidi, na hapa ndipo nawaomba muangalie tarehe kwenye BIOS kwanza. Ikiwa imerudi nyuma miaka, ile betri ndogo ya duara ya CR2032 ndani imeisha, stima ikikatika na betri kubwa pia haishiki chaji mipangilio yote ya BIOS yarudi ya kiwandani, na kama diski ilikuwa AHCI ikageuka IDE (hizo ni njia mbili za laptopu kuongea na diski), Windows ile ile nzima yashindwa kujiona. Rudisha mpangilio, badilisha betri, ambayo bei yake haishindi mahamri na mbaazi. Kwisha.

Diski ikigonga tak tak tak, zima. Usiipige chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua diski, hiyo yaichosha diski inayokufa na yaandika juu yake. Nakili kwanza diski nzima na ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu) kwenye nyengine, cheza na nakala. Kama haigongi, washa kwa flashi yenye Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, chagua kujaribu bila kuinstoli, kopi mafaili yako yote, ndipo tuongee.

Na ikifika kweli ni wakati wa kupiga upya, basi tupige yenye maana. Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia rasmi 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi yataka TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo laptopu ya 2012 haina. Mint yenyewe yaanzia RAM ya GB 2, ingawa kwa GB 2 ukifungua kurasa nyingi za intaneti utalia, tia 4 na SSD ndogo, ile diski ya kasi isiyozunguka. Wanaotaka Windows 7 sijakataa, lakini benki usiingilie humo.