Kizidisho cha skeli: namba moja kwa pande zote

Nilipeleka picha ya bibi studio moja pale Mwanjelwa wanikuzie. Ilikuwa ya inchi 4 kwa 6, nami nikaagiza ya 8 kwa 10 kwa sababu fremu niliyokuwa nayo nyumbani ni ya saizi hiyo. Nilipoifuata jioni, bibi hana miguu. Nikaanza kulalamika. Fundi hakubishana, alichukua rula akaniwekea picha mbili mezani. Upana: 4 umekuwa 8, yaani mara 2. Urefu: 6 mara 2 ni 12, na karatasi niliyoagiza inaishia 10. Zile inchi 2 zilizokosa mahali ndizo zilizoondoka na miguu ya bibi.

Ile "mara 2" ndiyo kizidisho cha skeli. Ni namba moja ambayo ukizidisha nayo kila upande wa umbo la kwanza, unapata pande za umbo la pili. Ikiwa upande mmoja unadai 2 na mwingine unadai 1.67, basi maumbo hayo hayafanani, na hakuna kizidisho cha kutafuta. Kwenye hesabu "kufanana" si kama mtoto anavyofanana na baba yake. Ni lazima pembe zilingane na pande zote zikue au zipungue kwa kiasi kilekile.

Kukipata ni kugawanya tu: upande wa umbo jipya, gawanya kwa upande unaooana nao kwenye umbo la mwanzo. Kazi ipo kwenye neno "unaooana". Mtihani hupenda kukugeuzia pembetatu kichwa chini. Moja ina pande 6, 8 na 10; nyingine imeandikwa 15, 9, 12. Ukigawanya kwa mpangilio ulioandikwa utapata takataka. Zipange kwanza kutoka fupi hadi ndefu: 9 kwa 6, 12 kwa 8, 15 kwa 10. Zote zinatoa 1.5. Ukianzia kubwa kwenda ndogo utapata 2/3, nayo ni sahihi pia, ila useme umetoka wapi unakwenda wapi. Kizidisho kikizidi 1 umbo limekua, kikiwa chini ya 1 limepungua, kikiwa 1 kamili maumbo yanalingana.

Kosa ninaloliona sana ni kujumlisha. Mtu anaona 4 imekuwa 8, anasema "imeongezeka 4", basi na 6 anaipa 4 iwe 10. Ndivyo nilivyofanya mimi na fremu yangu bila kujua.

Mafinga, kwenye misitu ya mipaina, kizidisho hiki kinakupimia mti bila kuupanda. Simamisha fimbo ya mita 1.5 wima mahali tambarare, pima kivuli chake. Tuseme mita 1.2. Saa hiyohiyo pima kivuli cha mti, tuseme mita 18. Jua linapiga vyote kwa pembe moja, kwa hiyo pembetatu mbili zinafanana. 18 gawanya kwa 1.2 ni 15. Mti una 1.5 mara 15, yaani mita 22.5. Usichelewe katikati ya vipimo, kivuli hakikusubiri. Na usipime kwenye mteremko, jambo ambalo nyanda za juu huku linahitaji kutafuta mahali.

Sasa pale watu wanapoteleza: kizidisho ni cha urefu. Eneo linafuata kizidisho mara kizidisho. Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1, lakini kilomita moja ya mraba inachukua sentimita 4 za mraba. Ujazo unafuata kizidisho mara kizidisho mara kizidisho.

Chukua vyungu vya Wakisi vinavyouzwa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kimoja kina kimo cha sentimita 20, kingine 30. Kizidisho ni 1.5, na kwa macho unaona kikubwa kimezidi nusu tu. Lakini 1.5 × 1.5 × 1.5 ni 3.375. Kidogo kikibeba lita 4, kikubwa kinabeba lita 13 na nusu. Kwa hiyo mama akikuuzia kikubwa kwa bei mara mbili ya kidogo, na wewe unatafuta chombo cha maji, lipa haraka.

Ila vyungu hufinyangwa kwa mkono. Kabla ya kujitapa na hesabu, pima na upana wa tumbo la kila kimoja. Kimo kikisema 1.5 na tumbo likasema 1.3, achana na kizidisho, omba jagi la maji upime kwa kumimina.