Mayai hayajatotoa? Usiilaumu mashine kwanza (dhana potofu na ukweli)

Umeweka mayai ya kuku kwenye mashine ya kutotolesha, siku ya 21 ikipita na vifaranga waliotoka ni wa kuhesabu kwenye vidole, mtu anasema mashine mbovu alafu anatupa mayai yote yaliyobaki. Hapo ndo anapoteza ushahidi wenyewe, maana yai viza ukilipasua linakuonyesha kiumbe kilifia hatua gani, na ukijua hatua unajua pa kuanzia. Pasulia nje tu, mengine yananuka balaa.

"Ongeza maji, unyevu ukiwa mwingi wanatoka vizuri"

Hii ndo inanikera kuliko zote. Yai linatakiwa kupoteza maji, sio kuyatunza. Mpaka siku ya 18 linapaswa kupungua kama asilimia 11 hadi 13 ya uzito, yaani yai la gramu 60 liwe limefika karibu gramu 53, na kadiri linavyopungua ndo kile chumba cha hewa upande wa butu kinapanuka. Kifaranga kabla hajatoboa ganda anaingiza mdomo kwenye hicho chumba anavuta pumzi ya kwanza humo humo. Sasa wewe umejaza maji tangu siku ya kwanza, chumba kimebaki kidogo, ukipasua unakuta kifaranga mzima kabisa, ana manyoya na kucha, amevimba, amelowa ute na hajatoboa popote. Huyo ameuliwa na maji.

Kwa mashine nyingi za nyumbani unyevu wa asilimia 45 hadi 55 unatosha siku 18 za mwanzo, alafu zile tatu za mwisho ndo unapandisha 65 hadi 75. Ukiwa chini sana siku hizo za mwisho utaona kinyume chake, ametoboa vizuri alafu utando umekauka ukamgandia mwilini, hawezi hata kujigeuza. Na kuongeza kina cha maji hakubadilishi kitu, kinachopandisha unyevu ni upana wa chombo, kwahiyo tafuta chombo kipana au weka sponji.

"Kioo cha mashine kimeandika 37.5, joto liko sawa"

Kioo kinasoma pale kisoma joto kilipokaa, hakijui mayai ya pembeni yana hali gani. Mashine yenye feni 37.5 ni sawa. Isiyo na feni hewa ya moto inapanda juu, hiyo unapimia usawa wa mgongo wa mayai na inatakiwa iwe 38.3 hadi 38.9. Watu wengi wana mashine isiyo na feni wanaweka 37.5 alafu wanashangaa vifaranga wanachelewa mpaka siku ya 22, 23. Wakianza kutoka siku ya 19 na vitovu havijafunga vizuri, joto lilikuwa juu. Themomita ya homa ya kidijitali ni nzuri kulinganishia, izamishe ncha pamoja na ile ya mashine kwenye maji ya vuguvugu ya kama 37 uone zinapishana kiasi gani (kama ya mashine haivumilii maji usiizamishe). Haigromita (kipima unyevu) nayo ipime, loanisha chumvi kidogo iwe kama uji mzito, ifungie nayo kwenye chombo kisichopitisha hewa masaa kadhaa, inatakiwa isome karibu 75.

"Umeme ukikatika masaa mawili mayai yamekwisha"

Hapana. Kuku anayeatamia mwenyewe huwa anatoka kwenda kula na kunywa, mayai yanapoa kidogo na maisha yanaendelea. Kiumbe anavumilia ubaridi wa muda mfupi kuliko joto la kuzidi, kwahiyo usifungue fungue mfuniko, subiri. Hatari ni yule anayeona limepoa akapandisha themostati (kile cha kurekebishia joto) ili "kufidia", joto likigonga 40 na kitu likakaa huko amechemsha. Na matundu ya hewa usiyazibe eti kutunza joto au unyevu, hasa siku za mwisho wanapovuta hewa nyingi.

"Yai lisilototoa halikuwa na mbegu"

Piga tochi siku ya 7, yaani mulika yai gizani uone ndani. Likiwa jeupe tupu inawezekana kweli jogoo hakufika, ila ukiona duara la damu mbegu ilikuwepo, kiumbe kilianza kikafa mapema. Hapo angalia mayai yalikaa muda gani kabla ya kuingia, ukizidisha siku 7 hadi 10 nguvu inashuka, na yanapenda mahali pa baridi ya wastani, ncha nyembamba chini. Kuyaosha pia kunaondoa ule utando wa juu unaozuia vijidudu.

"Ametoboa toka asubuhi, msaidie"

Acha! Toka tundu la kwanza mpaka atoke inaweza kufika masaa 24. Unaona amelala, kumbe anamalizia kunyonya kiini na damu ya kwenye utando, ukimbandua sasa hivi utaona damu inachuruzika. Na kila ukifungua unakausha utando wa wenzake. Waliotoka waache wakauke, kiini walichonyonya kinawashikilia hata siku mbili bila chakula.

"Yaliyochongoka ni majogoo, na ukishusha joto unapata matetea"

Umbo la yai halisemi chochote. Jinsia kwa kuku inatoka upande wa tetea na imeshaamuliwa kabla hata ganda halijaundwa. Ukishusha joto utapata vifaranga waliochelewa na dhaifu, na majogoo wako humo humo.