Gari limeinuliwa, taa ya breki inawaka: acheni kusema ni kawaida

Wiki iliyopita dereva wa watalii aliniletea Prado iliyoinuliwa inchi 3, yaani imebadilishwa springi na shoki ili ikae juu zaidi. Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge ukikanyaga breki ghafla, ilikuwa ikiwaka tangu Ramadhani, na ile nyekundu ya breki nayo ilikuwa imeanza kuchungulia akikata kona. Nikamwuliza kwa nini hakuja mapema. "Fundi, gari likiinuliwa si lazima taa iwake? Zetu zote zinawaka." Jana yake alikuwa ametoka lango la Sala, Tsavo Mashariki, na familia nzima imekaa nyuma yake.

Hiyo "lazima" nimeisikia Malindi hii mpaka imenichosha. Kompyuta ya ABS haijui gari lako lina urefu gani. Inasoma mwendo wa kila gurudumu kupitia sensa, basi. Ikiwasha taa baada ya gari kuinuliwa, kuna kitu kimekatika, kimelegea au kimechafuka, na mara nyingi aliyeinua ndiye aliyekiacha hivyo.

Ukibadilisha springi na shoki, fremu inapanda na ekseli inabaki chini. Vinavyounganisha viwili hivyo vimebaki na urefu wa kiwandani: nyaya za sensa, mipira inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu, kebo ya breki ya mkono. Gari likiwa limesimama mbele ya nyumba, yote yanaonekana sawa. Lipeleke njia ya Marafa, gurudumu lining'inie kwenye korongo moja tu, waya unakazwa kama kamba ya tanga. Nyuzi za shaba hukatika ndani huku ganda la nje likibaki zima. Ndiyo maana taa huwaka kwenye mashimo, ikazima ukirudi kwenye lami, na mwenye gari akaridhika kwamba imepona.

Kwangu gari la namna hiyo hupigwa jeki kwenye fremu, kamwe si kwenye ekseli, likawekwa juu ya stendi magurudumu yakining'inia mpaka mwisho. Kijana wangu anakata usukani wote kushoto, halafu wote kulia, nami niko chini na tochi. Sensa za zamani, zile za koili na sumaku, nazipima kwa mita. Nyingi husoma kati ya omu 800 na 2,000. Nauchezesha waya taratibu huku nikitazama namba. Namba ikiruka, mkato uko hapo mkononi. Sensa mpya za kielektroniki hazipimwi kwa omu, hizo nazisoma kwa mashine. Ncha ya sensa naifuta pia, maana sumaku hukusanya unga wa chuma wa disiki, na gari linalotembea ufukweni Mambrui bila kuoshwa chini kwa maji baridi hupata kutu inayoisukuma sensa mbali na pete yake, ile inayozunguka na gurudumu.

Kwenye ile Prado waya wa mbele kushoto ulikuwa umekatika. Hilo ni dogo. Mpira wa breki wa upande uleule ulikuwa umevutika mpaka unatoa jasho la mafuta kwenye shingo yake ya chuma. Chupa ya mafuta ya breki ilikuwa imepungua, na kila kona mafuta yalipoyumba taa nyekundu iliwaka. Mpira ule ungepasuka, nusu ya breki ingekwenda nao, kwenye mteremko na abiria ndani. Kwa hiyo ukipewa bei ya kuinua gari, uliza kama mipira mirefu na kurefusha nyaya vimo ndani ya bei hiyo. Kama havimo, toka gereji hiyo.

Kuna na maneno mengine ninayoyasikia kila siku. "Taa nyekundu ikiwaka, ongeza mafuta." Mafuta ya breki hayaungui kama ya injini. Yakipungua, ama pedi zimelika ama pana mvujo. Ukijaza tu umeficha ugonjwa. Na ujaze DOT, yaani daraja la mafuta ya breki, iliyoandikwa kwenye kifuniko. Nimefungua masta silinda, zile pampu kuu za breki, zilizotiwa mafuta ya usukani, mipira yote ya ndani imefura. Chupa iliyokaa wazi kwa hewa yetu ya bahari, itupe: kipimo cha DOT 3 mpya ni kuchemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji asilimia 3.7 kipimo hicho hushuka hadi 140.

"Matairi makubwa yameichanganya ABS." Yakiwa manne ya saizi moja, hayawashi taa. Yanachodanganya ni spidi: ukitoka inchi 31 kwenda 33, mshale ukisema 80 wewe uko 85.

"ABS ikiwaka, breki zimekufa." Hapana, breki za kawaida zipo, ila magurudumu yanaweza kufunga ukikanyaga ghafla. ABS na nyekundu zikiwaka pamoja, na breki ya mkono umeiteremsha, simama mahali salama, usiendeshe tena, mwite fundi au gari livutwe.

Kung'oa betri au balbu ili taa izime, sitaki hata kujadili.

Ninachokiogopa zaidi hakiwashi taa yoyote. Hilux na Prado nyingi za zamani zina vali nyuma, imefungwa kwenye fremu, na fimbo yake imeshikana na ekseli. Nyuma ikiinuka, fimbo inashuka, na vali inaelewa kwamba gari halina mzigo, basi inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Gari lililoinuliwa huiambia hivyo kila siku, hata likiwa limejaa watu na mizigo mpaka juu ya paa. Breki za mbele zinabeba kazi yote, pedi zao zinaisha upesi, na gari linachelewa kusimama. Dawa yake ni kibao cha chuma kinachopandisha mshikio wa fimbo pale kwenye ekseli kwa kiasi kilekile gari lilichoinuliwa. Ile Prado haikuwa nacho. Nimemchomea kimoja cha inchi 3 kabla sijamrudishia ufunguo.