Mwavuli Kitandani

Katika chapa moja ya miaka ya 1840 ya Honoré Daumier, mchoraji wa vikaragosi wa Kifaransa, mpangaji wa Paris yuko kitandani chumbani mwake, mwavuli umefunguliwa juu yake. Paa linavuja. Maneno ya chini yanamlaani baba mwenye nyumba ambaye hukubali kufanya ukarabati siku za jua tu. Nimeitazama chapa hiyo miaka mingi na bado inanichekesha. Lakini mkono uliowahi kumuumbua mfalme ulifikaje kwenye paa linalovuja?

Ulifikishwa huko na sheria. Mwaka 1831 Daumier alimchora Mfalme Louis-Philippe kama jitu lenye kitambi linalomezeshwa vikapu vya fedha za wananchi, huku wakubwa wakigombania vyeo vinavyodondoka chini ya kiti chake. Akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Akatoka, akaendelea. Kisha, Julai 1835, mfalme akanusurika kuuawa, na Septemba ikapitishwa sheria mpya: makala iliweza kuchapwa bila kukaguliwa kwanza, bali mchoro ulihitaji kibali cha serikali. Jarida la La Caricature likafa. Le Charivari, gazeti la kila siku lililoanza Desemba 1832, likabaki, na kila siku lilitaka mchoro.

Ndipo wakaingia wapangaji, mawakili, wanandoa waliochokana, abiria wa treni. Wapo wanaosema hapo Daumier alinywea. Sikubaliani nao kabisa, na sababu yangu iko kwenye jiwe.

Chapa zake ni za litografia: mchoro huchorwa kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa. Ukililowesha, maji hukaa pasipo na mafuta. Wino nao, kwa kuwa una mafuta, huyakwepa maji na kushika mistari pekee. Hakuna kuchonga, kwa hiyo kazi huenda haraka, ndiyo maana aliweza kuacha chapa zipatazo 4,000. Mimi nachora juu ya jiwe hadi leo. Ukikandamiza kalamu, weusi unazama. Ukilegeza mkono, punje za jiwe zinajitokeza kama vumbi. Daumier aliutumia weusi huo kuipa miili uzito. Mabega ya mtu wake yanaelemewa kwelikweli, goti linauma, shati limelowa. Maneno ya chini mara nyingi yaliandikwa na watu wa gazeti, kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu wayafunike kwa kiganja. Kicheko hakipungui. Kimo ndani ya mgongo wa yule mtu.

Na serikali haikutoka kwenye picha. Ilibadilisha mlango tu. Mwaka 1853, chini ya Napoleon III, michoro ikiwa inakaguliwa tena, Haussmann, mkuu wa serikali wa mkoa wa Paris, alianza kuubomoa Paris wa zamani kwa amri ya mfalme. Daumier hakumchora Haussmann wala mfalme. Alichora mume na mke wa makamo wamesimama barabarani, wakiangalia juu kwenye jengo lililobomolewa nusu. Mume anamwonyesha mkewe, Adélaïde, chumba chao cha harusi, na kulalamika kwamba wabomoaji hawaheshimu kumbukumbu za mtu. Chumba chenyewe ni ukuta tu, uko wazi, mtaa mzima unautazama.