Tunutu wa kangambili: wale wekundu wanaojazana kwenye pamba

Huku kwetu Igunga ukipita shambani vitumba vya pamba vikishapasuka utakuta vidudu vyekundu visivyo na mabawa vimerundikana pamoja, na wengi wanadhani ni mdudu mwingine kabisa, kumbe ni watoto wa kangambili yuleyule, mdudu mwenye mabawa anayeharibu pamba. Mtoto wa namna hiyo ndo anaitwa tunutu, jina lilelile tunalowapa watoto wa nzige.

Kipepeo anaanza yai, anakuwa kiwavi, anakuwa pupa ndo aje kuwa kipepeo. Kangambili hana kiwavi wala pupa. Anatoka kwenye yai ardhini akiwa tayari na umbo la mzazi wake ila mabawa hana, halafu anajivua ngozi mara 5, vijibawa vinaanza kuonekana mgongoni kidogo kidogo mpaka akijivua ile ya mwisho anatoka na mabawa kamili. Ukoo wake ni mmoja na kunguni wa kitandani na vidukari wa kwenye maharage, wote mdomo wao ni kama sindano, wanadunga na kufyonza, hawatafuni. Kwa hiyo usitafute majani yaliyotobolewa, yeye shida yake ni mbegu iliyo ndani ya kitumba, na akidunga anaingiza kuvu, pamba inapata madoa ya njano, ukifika kuuza inawekwa fungu la pamba fifi na bei inashuka. Inauma sana, maana umelima vizuri na umepalilia.

Sasa kwa nini wanajazana? Hawajakutana hapo kwa bahati. Wana harufu wanayoitoa ya kuitana, na ule wekundu ni onyo kwa ndege kwamba sisi hatuliki, ladha yetu mbaya, na onyo la wengi waliokaa pamoja linaonekana haraka kuliko la mmoja. Ila yupo mdudu mmoja mwindaji, naye ni wa ukoo huohuo wa kunguni, anafanana nao rangi, anaishi katikati yao na anawafyonza wao, huyo ukimtambua muache, anakusaidia.

Kujazana kwao kunatusaidia na sisi. Ukiwaona wamekaa kundi kwenye kitumba usikimbilie bomba la dawa, shika ndoo ya maji ya sabuni uwakung'utie humo asubuhi mapema kabla jua halijawachangamsha. Wengine wanaweka rundo dogo la mbegu za pamba pembeni ya shamba, wakishajaa wanawamwagia maji ya moto. Na angalia pia bamia na mbuyu ulio karibu, maana huko nako wanakula mbegu na kuzaliana wakisubiri pamba yako ipasuke, halafu ikishapasuka vuna mapema, usiiache inaning'inia wiki na wiki.